Mikono ya Bibi Salome

Kila siku alipotoka shule, Monika alianza na ufagio. Alifagia studio, akaosha kitana cha wateja, akapangusa kioo kilichoning'inia ukutani, kisha akakung'uta vumbi kwenye koti jeusi lililotundikwa msumarini. Koti hilo lilikuwa la wanaume waliokuja kupiga picha bila koti, na nadhani nusu ya wanaume wa Sumbawanga wamo ndani yake, wanene kwa wembamba.

Studio ilikuwa chumba kimoja tu, pale Chanji, na mwenyewe alikuwa Bibi Salome, mama mzaa mama wa Monika. Alikuwa na miaka sitini na sita. Alipiga picha za paspoti, za harusi, za komunyo ya kwanza na za maziko, na watu walimsifu kwa jambo moja: mikono yake haikutikisika. Mteja alipokaa kwenye kigoda, Bibi alimwambia, "Tulia. Usicheke. Usipumue." Naye mwenyewe alitulia hivyo hivyo, kamera ikiwa usoni, mpaka ungedhani amesinzia. Kwake, picha iliyotikisika ilikuwa aibu, kama kumpa mgeni ugali mbichi.

Kamera ilikuwa kuukuu. Kioo chake cha nyuma kilipasuka zamani, hivyo picha hazikuonekana mpaka zihamishiwe kwenye kompyuta ya studio. Juu yake palikuwa na kidirisha kidogo chenye namba, na namba hiyo ilikuwa mia mbili na hamsini mwaka mzima. Bibi alikuwa amemweleza Monika maana yake. Ndani ya kamera kuna kijimlango. Ukibonyeza, kinafunguka na kujifunga kwa kitambo kidogo sana, sekunde moja iliyogawanywa mara mia mbili na hamsini. Namba ikiwa kubwa, mlango una haraka. Namba ikiwa ndogo, mlango unachelewa kujifunga, na kila kinachosogea mbele yake kinaacha michirizi.

"Ndiyo maana namba hii haiguswi," Bibi alisema. "Mengine cheza nayo, lakini namba iache."

"Sawa, Bibi," Monika aliitikia, na siku ile aliitikia kwa moyo wote.

Sasa Monika alikuwa mtoto wa ndoto. Walimu walisema hivyo, majirani walisema hivyo, na sufuria za maharage zilizoungua mikononi mwake zingesema hivyo kama zingekuwa na mdomo. Angeweza kusimama dirishani nusu saa akitazama mwewe akizunguka juu ya mabati, ufagio mkononi, na vumbi likimsubiri. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna kitu alichokipenda duniani kuliko ndege wanaoruka.

Kila Jumamosi walikwenda Kaengesa, Bibi alikokuwa na shamba. Ulikuwa mwezi wa pili, mvua zimekolea na nyasi zimefika kiunoni. Wakati huo Wafipa huinua intumba, yale matuta ya mviringo ambayo nyasi hulazwa chini na kufukiwa kwa udongo ili zioze na kulisha mazao ya msimu ujao. Jembe linapogeuza nyasi, panzi wanaruka kila upande. Na panzi wakiruka, yangeyange wanakuja.

Walikuja wengi, weupe, miguu imening'inia, wakatua nyuma ya wakulima bila woga. Mtu akiinua jembe juu sana, wote wanapaa pamoja, wanazunguka kidogo na kutua tena hatua kumi mbele. Monika aliwatazama hadi Bibi akamwambia kwamba nyasi hazijibebi zenyewe. Ila alipomaliza kazi yake aliruhusiwa kushika kamera, na hapo ndipo dunia nzima ilinyamaza kwa ajili yake.

Lakini picha zenyewe zilimhuzunisha. Jumamosi ya kwanza alirudi mbio studio, akazifungua kwenye kompyuta, na kila yangeyange alikuwa amesimama hewani kama nguo iliyobanwa kambani. Kila unyoya ulionekana. Kilichokosekana ni kule kuruka.

"Mbona picha nzuri tu?" alisema Brightness, rafiki yake wa darasa la sita, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Mbeya. "Unataka nini tena, shosti? Unataka ndege atoke humo ndani?"

"Nataka aonekane anaenda."

"Haya, mngoje aende. Mimi naenda kula."

Jumamosi iliyofuata, wakati Bibi ameinama shambani, kidole cha Monika kilisogea chenyewe, au ndivyo alivyojiambia. Alizungusha gurudumu dogo. Mia mbili na hamsini. Mia. Sitini. Thelathini. Kumi na tano. Akabonyeza, na sauti ya kamera ikawa nyingine. Badala ya kusema tak, ilisema taa-ka, kama mtu anayepiga miayo. Monika alisisimkwa mwili mzima. Kisha akarudisha namba mahali pake.

Jioni, kwenye kompyuta, picha zilizopigwa juani zilikuwa nyeupe kama uji. Mlango uliochelewa uliingiza mwanga mwingi kupita kiasi. Zile za kwenye mawingu zilikuwa na mwanga mzuri, lakini kila kitu kilikuwa kimevurugika: ndege, nyasi, milima, hata jembe lililokuwa limelala chini. Monika alilitazama lile jembe kwa muda mrefu. Jembe halirukiruki. Basi aliyetikisika ni yeye.

Hivyo akaanza kujifunza, kwa siri, Jumamosi baada ya Jumamosi. Alijifunza kusubiri wingu. Alijifunza kubana viwiko mbavuni. Aligundua kwamba akimfuata ndege kwa kuzungusha kiuno polepole, kama mtu anayefyeka nyasi, ndege alibaki na kichwa na jicho, huku mabawa yakitanuka na kuwa ukungu mweupe na nyasi za nyuma zikawa mito ya kijani. Hakuwa amepata picha kamili bado, lakini aliiona akilini, akiota nayo darasani katikati ya sehemu na desimali. Na kila mara alirudisha namba. Kila mara, isipokuwa mara moja.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Mawingu yalikuwa yametanda chini, mwanga laini kama wa ndani ya hema. Yangeyange walipaa wote kwa pamoja, Monika akawafuata kwa kiuno chake, akasikia taa-ka, na moyoni alijua kwamba hiyo ndiyo. Aliijua kabla hajaiona. Papo hapo mvua ikashuka, kubwa, ya mawe.

"Monika! Kamera!" Bibi alipiga kelele.

Aliifunga kamera kwenye khanga, akaikumbatia tumboni na kukimbia. Hata tone moja halikuigusa. Bibi alimsifu sana. Usiku ule walilala huko huko, na Monika akalala akiwaza mabawa.

Kesho yake, hapo hapo Kaengesa, Mzee Zenon na mkewe Bibi Luciana walisherehekea jubilei ya miaka hamsini ya ndoa. Waliiharakisha ili Kwaresima isiwakute na ngoma mkononi. Watoto na wajukuu walikuja kutoka kila mahali. Binti yao Rhoda alipanda kutoka Mtowisa, kule bondeni kwenye joto, na alikuwa hajaonana na wazazi wake kwa miaka mitatu kwa sababu ya barabara na uuguzi wa mume. Baada ya misa walijipanga mbele ya ukuta wa kanisa, wa matofali ya kuchoma. Wanakwaya waliimba, ngoma ikalia, vigelegele vikapasua hewa chini ya mawingu. Bibi Salome alipiga picha arobaini na saba. Katika kelele ile, nani angesikia kamera ikipiga miayo? Monika mwenyewe alikuwa mbali, akicheza na watoto wenzake.

Jumatatu alasiri alimkuta Bibi mbele ya kompyuta. Hakuwa anafanya kitu. Kwenye kioo palikuwa na watu wasio na nyuso: mikono mingi iliyoyeyuka, vitambaa vilivyokuwa mistari, na mahali pa uso wa Rhoda palikuwa na doa la kahawia lililopita.

Hapo Monika akaikumbuka namba. Kumi na tano. Hakuirudisha.

"Zote," Bibi alisema taratibu. Aliinua mikono yake, akaitazama mbele na nyuma kama mikono ya mtu mwingine. "Mama yangu kutetemeka kulimwanza hivi hivi, katika umri huu. Alianza na kikombe, ikafika hata rozari ikawa inamdondoka. Nilijua siku yangu ingekuja, ila sikujua ingekuja mbele ya jubilei ya Zenon."

"Bibi..." Monika alianza. Akisema, hataishika tena ile kamera. Na ndani ya kamera ile, kwenye memori kadi, kulikuwa na picha moja ambayo hakuwa hata ameiona.

"Nini, mjukuu wangu?"

"Pole, Bibi."

Ndilo lililotoka.

Jumanne mama mmoja alimleta mtoto wake kwa picha ya kujiunga na shule. Bibi alimwambia kamera inapumzika. Alipomimina chai alishika kikombe kwa mikono miwili, na Monika akaona jambo la kutisha: chai ilikuwa inacheza. Mikono ambayo haikuwa na ugonjwa wowote ilikuwa imeanza kutetemeka kwa sababu mwenyewe ameamini inatetemeka. Jioni Bibi alimpigia simu mjomba Edwin aliyeko Mbeya. Alimwambia aje Jumamosi aichukue kamera, studio inafungwa.

"Usiseme kitu," Brightness alimshauri wakiwa njiani kwenda shule. "Au sema kamera imeharibika. Kamera yenyewe ya zamani, itasema nini? Bibi yako atafurahi mikono yake ni mizima, na wewe hugombezwi."

Monika aliligeuza wazo hilo kichwani siku nzima. Halikuwa wazo baya sana, ukilitazama harakaharaka.

Jumatano alasiri Bibi alikuwa amekaa mlangoni, mgongo ameupa studio. "Zifute zile picha," alisema bila kugeuka. "Mimi siwezi kuzitazama tena."

Monika alikaa mbele ya kompyuta. Picha ya kwanza kwenye kadi haikuwa ya jubilei. Ilikuwa yake, ya Jumamosi. Yangeyange mmoja alikuwa katikati, jicho lake la manjano limetulia kabisa, na kumzunguka kulikuwa na mabawa, mabawa yake na ya wenzake, kama pumzi ya asubuhi ya baridi. Alikuwa anaenda. Hatimaye alikuwa anaenda. Monika alitamani kufurahi akashindwa, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Alifungua inayofuata ili aifute. Kidole kilikuwa tayari kimefika kwenye kitufe kiliposimama.

Matofali.

Nyuma ya watu wale walioyeyuka, ukuta ulikuwa umetulia. Kila tofali lilikuwa na kingo zake. Mchwa angeweza kuhesabu nyufa. Na katikati ya vurugu ile ya wajukuu waliokuwa wakicheza na kupiga makofi, Mzee Zenon na Bibi Luciana walikuwa wamesimama wazi kabisa, kila kunyanzi mahali pake. Wazee wale walifundishwa utotoni kwamba mbele ya kamera mtu hupigilia miguu na kuzuia pumzi, na miaka yote hawakuwa wamesahau.

Monika alikumbuka lile jembe. Mkono ukitikisika, kila kitu kinavurugika, hata jembe lililolala. Ukuta ungevurugika. Wazee wangevurugika.

"Bibi! Njoo utazame matofali!"

"Matofali ya nini? Mimi napiga picha za watu."

"Njoo tu, Bibi. Tafadhali."

Bibi alikuja, akavaa miwani, akainama. Siku tatu alikuwa ametazama nyuso tu, kama wapiga picha wote. Alitazama ukuta. Akamtazama Zenon. Akarudi kwenye ukuta.

"Mikono yangu ingetikisika..." alisema.

"Ukuta nao ungetikisika. Mikono yako ni mizima, Bibi. Imeshika namba ndogo bila kutikisika hata kidogo."

Bibi alikaa chini. Uso wake ulifunguka, na machozi yakaja kwanza kabla ya tabasamu. "Kumbe," alisema. "Kumbe ni kamera. Imechoka, namba zinashuka zenyewe. Mungu wangu, na mimi nimejilaumu!"

Na hapo mlango ulikuwa wazi. Monika hakuhitaji hata kusema uongo, ilitosha kunyamaza. Bibi ameshapona, kamera ndiyo yenye kosa, na kamera haina mdomo. Alisikia moyo wake ukipiga taa-ka, taa-ka.

"Hapana, Bibi," alisema. "Kamera ni nzima. Ni mimi. Niliweka kumi na tano Jumamosi, kwa ajili ya ndege. Mvua ikaja nikasahau kuirudisha." Akafungua picha ya yangeyange, maana sasa hapakuwa na cha kuficha. "Nimekuwa nikiibadilisha kila Jumamosi. Ulinikataza, nikaibadilisha."

Nje bodaboda ilipita. Bibi aliitazama picha ile kwa kitambo, halafu akamtazama mjukuu wake.

"Jumatatu ulijua?"

"Nilijua, Bibi."

"Siku tatu, Monika. Siku tatu umeniona nikishika kikombe kwa mikono miwili."

Hakupaza sauti. Monika angeshukuru kama angepaza. Alilia hadi kwikwi zikamshika, na Bibi alimwacha alie, kwa kuwa kilio kile kilikuwa na kazi ya kufanya.

Jumamosi mjomba Edwin hakuja; alipigiwa simu abaki kwake. Monika na bibi yake walikwenda kwa Mzee Zenon, na Bibi alikataa kusema neno. "Kinywa kilichonyamaza ndicho kitakachosema," alimwambia njiani. Mzee Zenon alikuwa shambani na mkewe, wakiinua intumba. Monika alipiga goti.

"Shikamoo, Babu. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama. Mbona umekuja na uso wa Kwaresima?"

Alieleza yote, kuanzia ndege hadi chai, huku akitazama kucha za miguu ya mzee. Kisha akatoa picha moja ya jubilei waliyoisafisha. Wazee wawili waliishika kwa pamoja. Mzee Zenon akaanza kucheka, mabega yakaruka.

"Tazama, Luciana! Sisi tumesimama kama nguzo, na hawa wote wanapita kama upepo. Si ndivyo walivyo? Wanakuja Jumapili, Jumatatu hawapo." Akafuta macho. "Hii naitundika."

Lakini Bibi Luciana hakucheka. Kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye doa la kahawia. "Huyu ni Rhoda," alisema kwa upole. "Nilitaka niwe na uso wake."

Kuna vitu ambavyo samahani haivifikii, na siku ile Monika alikiona kimoja kwa macho yake. Rhoda alikuwa amesharudi Mtowisa, na hangepanda tena mpaka Pasaka.

Basi Kwaresima yote, kila Jumamosi, Monika alikwenda kuwabebea wazee wale nyasi za intumba. Hakuna aliyemlazimisha; aliomba mwenyewe. Kamera ilibaki kabatini. Yangeyange waliruka karibu kiasi cha kuguswa, na yeye aliwatazama kwa macho matupu, nyasi kichwani, akagundua kwamba mtu huweza kuona vizuri hata asipochukua picha.

Jumatatu ya Pasaka Rhoda alifika, mwenye vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Bibi Salome alimsimamisha kati ya wazazi wake, mbele ya ukuta ule ule. Aliinua kamera, kisha akaishusha.

"Monika. Namba?"

Monika alisogea, akainama juu ya kidirisha. "Mia mbili na hamsini, Bibi."

"Tulieni. Msicheke. Msipumue." Rhoda alicheka, na picha ikatoka na kicheko chake chote, jino kwa jino. Bibi Luciana alikuja kuiweka juu ya redio, mahali anapoiona akiamka.

Walipobaki wawili, Bibi Salome alikaa kwenye ngazi ya kanisa, akamvuta mjukuu wake kando yake.

"Nisikilize," alisema. "Namba haikuniumiza. Namba hurekebishwa kwa kidole kimoja. Kukosea nimekosea mara nyingi kuliko wewe, na hata wale ndege wako usingewapata bila kukosea. Zilizoniumiza ni zile siku tatu. Ukikosea ukasema siku hiyo hiyo, kosa linabaki dogo na linabaki lako. Ukinyamaza, mtu mwingine analibeba, naye hajui hata kwamba si lake. Mimi nililibeba mpaka mikono ikatetemeka."

"Sitanyamaza tena, Bibi."

"Tutaona. Siku ile mlango ulikuwa wazi, nikakufungulia mwenyewe nilipoilaumu kamera, nawe hukupita. Hilo nalo nililiona."

Ng'ambo ya shamba, mtu aliinua jembe. Yangeyange walipaa wote kwa pamoja, weupe chini ya wingu. Bibi aliwatazama, akaivua kamera shingoni na kumvika Monika.

"Wale wanataka ngapi?"

"Kumi na tano, Bibi."

"Haya, weka. Na ukimaliza?"

"Nairudisha," Monika alisema, "na nakuja kukuambia."

Akazungusha gurudumu, safari hii mbele ya macho ya Bibi, akabana viwiko mbavuni na kuanza kuwafuata.